Sweta ya Bibi Niliyoifumua

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, ni ile niliyochukua mkasi mdogo wa kukatia kucha nikakata uzi mmoja wa sweta ya Bibi. Uzi mmoja tu. Mkono wa kushoto wa sweta ile ulikuwa mrefu kuliko wa kulia, kiasi cha vidole viwili hivi, na mimi nilikuwa mtu asiyeweza kuona kitu kimepinda nikapata usingizi. Nikasema nitaupunguza kidogo, nitafunga fundo, hakuna atakayejua. Nikavuta. Safu ikafuata safu. Nikaendelea kuvuta nikitafuta mahali pa kusimama, na mahali hapo sikupaona. Mkono ulipokwisha nikautazama ule wa kulia nikaona sasa umebaki peke yake, haufanani na kitu, nikaufumua nao. Kisha kifua. Kisha mgongo. Ilipoadhiniwa adhuhuri nilikuwa nimekaa katikati ya rundo la nyuzi za kahawia zilizojikunja kama nywele zilizofumuliwa misuko.

Na kufuma nilikuwa sijui hata safu moja.

Hilo ndilo kosa langu la mwanzo. Nimeliweka mlangoni ili ulione kabla hujaingia.

Nakuita mwanangu, na najua utacheka. Mimi ni mjomba wako tu, ndevu zangu bado nyeusi, na nasaha ni haki ya wazee. Lakini wazee wetu hapa Ibra wamechoka kusema, na mimi nimechoka kwa namna nyingine, uchovu wa mtu aliyetumia ujana wake kujenga na kubomoa kitu kile kile. Juzi mama yako alinipigia simu. Alisema insha yako ya shule umeichana na kuianza upya mpaka siku ya kuipeleka ikakupita, na sasa umejifungia chumbani hutaki kula. Alitaka nikukaripie. Sikuweza. Nyani haoni kundule, lakini mimi la kwangu naliona vizuri mno. Kwa hiyo nakaa chini nikuandikie, wewe na kila kijana mwenye ugonjwa wetu.

Bibi Nasra, huyo unayemwita Bibi Mkubwa, alizaliwa Iringa. Hapa kwetu Omani kila aliyetoka Afrika huitwa Mzanzibari, na Bibi alikuwa akiudhika sana. "Mimi bahari nimeiona siku ya kuondoka," alikuwa akisema. "Mimi ni mtu wa baridi." Kweli, Iringa kuna baridi, na watu wa huko wanajua masweta. Mdogo wake, Bi Zuwena, alikuwa na mkono wa kufuma. Bibi mwenyewe hakuwa nao. Yeye alijua kushona kofia, na sindano mbili kwa pamoja zilimtia wazimu.

Familia ilipohamia Omani, Zuwena alibaki. Alikuwa ameolewa huko. Sweta ile ya kahawia aliifuma majuma ya mwisho, na mkono wa kushoto aliumaliza asubuhi ile ile lori linapakiwa mizigo. Hayo sikuyajua wakati nashika mkasi. Nilichokijua ni kwamba sweta ina kasoro, na kwamba Bibi ana tabia ya kuikunja ile sehemu ndefu ya mkono wa kushoto na kutia humo kitambaa chake cha kufutia pua. Kila mara alipokitoa nilijiambia: tazama, maskini, anaificha ile kasoro.

Siku hiyo ya mkasi Bibi alirudi kutoka kwa jirani akanikuta. Alisimama mlangoni, viatu bado miguuni. Mimi nikaanza kueleza, maneno mengi, nitairudisha, Bibi, wallahi nitaifuma nzuri zaidi, itakuwa sawasawa pande zote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Zuwena alikuwa anaongea sana siku ile. Akasahau kupima."

Akaenda kutawadha. Hakumwambia hata baba yangu anichape. Mwanangu, laiti angenichapa. Fimbo ina mwisho wake.

Basi nikajifunza kufuma. Mwalimu sikuwa naye. Sindano zangu za kwanza zilikuwa spoki mbili za baiskeli nilizozinoa kwenye sementi ya uani. Niliingia madukani Ibra na Nizwa nikageuza masweta ya watu ndani nje kuangalia vitanzi vinavyoshikana, mpaka wauza duka wakanijua na kunifukuza. Nilipata kazi, karani katika duka la vipuri vya magari, na jioni nikitoka kazini naketi na zile nyuzi. Nilijifunza. Ninasema bila majivuno: mkono wangu ulikuja kuwa mzuri. Lakini hapo ndipo ugonjwa ulipoanza hasa, kwa sababu asiyejua haoni makosa yake, na mimi sasa nilikuwa nayaona yote.

Nikifika kifuani naona kitanzi kimelegea huko chini. Nafumua. Nikifika mabegani naona upande mmoja umekazwa kuliko mwingine. Nafumua. Majira ya baridi yakaja na kupita, na Bibi kila mwaka alijifunika kanga mbili na shali la dukani alilolichukia, akiniuliza:

"Imefika wapi?"

"Karibu, Bibi."

"Karibu ya wapi? Ya Iringa?"

Na kitambaa chake cha kufutia pua kilikuwa kinapotea kila siku. Tulikitafuta chini ya mito, jikoni, ndani ya msahafu. Hakuwa tena na mahali pa kukiweka. Mimi nilikuwa namsaidia kutafuta, na hata siku moja sikuunganisha mambo hayo mawili. Nilikuwa na shughuli. Nilikuwa natengeneza kitu kizuri.

Uzi nao unachoka, mwanangu. Ukiufuma na kuufumua, ukiuosha ili ujinyooshe na kuufuma tena, manyoya yake yanatoka kidogo kidogo, mpaka unabaki mwembamba kama uzi wa kushonea, unakatika mkononi. Watu husema kitu cha kale ni dhahabu. Cha kale ukikichezea sana ni vumbi.

Ikafika miaka ya tisini inaelekea mwisho. Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alikuwa ameolewa Misfat al Abriyeen, kule juu mlimani, na familia ikakubaliana kwamba Bibi akakae kwake. Miguu ya Bibi ilikuwa inahitaji binti karibu, si mjukuu karani. Safari ikapangwa Ijumaa baada ya sala. Ilikuwa Januari, na Misfa mwezi huo, ukiamka alfajiri, maji ya mfereji yanauma vidole.

Nikajikaza. Kwa mara ya kwanza tangu ule mkasi, sweta ilikaribia kwisha: mgongo tayari, kifua tayari, mkono wa kushoto tayari. Niliziunga sehemu hizo kwa bandi, mishono mikubwa ya muda, ili nione inavyokaa. Ulibaki mkono wa kulia, na uzi uliobaki ulikuwa kidonge kidogo cha ule mwembamba unaokatika. Na tena, Jumatano jioni, nikiishika karibu na taa, nikaona pale chini kifuani vitanzi viwili vimepishana.

Nikaamua. Nitaifumua. Nitampelekea Misfa baadaye, na uzi mpya.

Sasa, Alhamisi ile kulikuwa na maonyesho ya kondoo na sufu huko Al Mintirib, kwenye ukingo wa mchanga. Nilisikia watu wa jangwani wataleta sufu waliyoisokota wenyewe, ya rangi ya kondoo, haikupakwa kitu. Nikasema huko ndiko nitapata kahawia ya Iringa. Khamis, mtoto wa mama mdogo, ndiye aliyekuwa na pikapu. Ungemjua Khamis, ungejua ni mtu wa kukuchukua popote ilimradi akutukane njia nzima.

"Mwari wa sindano!" aliita nje ya mlango. "Toka, tunachelewa kuposa kondoo!"

Bibi akatokea nyuma yangu, amejitanda, mkoba mkononi.

"Na mimi nakwenda."

"Bibi, kuna vumbi, na kesho una safari."

"Vumbi nitalikuta kaburini pia. Nisaidie kupanda."

Tukabanana watatu mbele. Mfuko wa sweta ulikuwa mapajani mwangu. Njiani nikafanya ujinga wa kusema nilichokusudia. Nilisema taratibu, kana kwamba ni habari njema: nitapata uzi bora, nitaanza upya, mwaka huu haiwezekani lakini mwakani inshallah itakuwa haina hata doa. Khamis akapiga usukani akacheka.

"Mwakani! Bibi, umesikia? Mwaka ule alisema mwakani. Huyu akioa, mkewe atazaa mwakani."

Bibi hakucheka. Alikuwa anatafuta kitambaa chake ndani ya mkoba. Alitoa funguo, tasbihi, dawa, pipi. Kitambaa hakikuwamo. Akajifuta pua kwa ncha ya kanga, akatazama nje.

Maonyesho yalikuwa uwanja mpana wenye mahema pembeni. Kondoo walifungwa makundi makundi, weusi vichwa na weupe miili, na wengine wa kahawia walionifanya moyo ushtuke kwa sababu ndiyo hasa rangi yangu. Wanaume wenye makanzu meupe na bakora walifungua midomo ya madume kuangalia meno, wakagusa mikia, wakabishana. Mahali pamoja kondoo alikuwa amelazwa anakatwa sufu kwa mkasi mkubwa, ametulia kama mtu kwa kinyozi. Mzee mmoja wa Jebel Shams alinipita anatembea huku anasokota manyoya ya mbuzi kwa kijiti chake, na hakuna aliyemgeukia, maana huko milimani kwao kufuma ni kazi ya wanaume. Mimi na sindano zangu mbili ndiye niliyekuwa kichekesho.

Chini ya hema moja walikaa wanawake wa jangwani wenye barakoa zao, wametandaza nyuzi ndefu juu ya mchanga wanafuma mikanda ya ngamia. Mwishoni alikaa mmoja mtu mzima, jina lake Bi Moza, hafumi, anasokota tu. Bibi miguu ilikuwa imeshamwuma. Akamtolea salamu, na Bi Moza akasogea akampa nafasi kwenye mkeka.

Kiarabu cha Bibi kilikuwa cha sala na cha sokoni. Bi Moza alimsikiliza kidogo akacheka mpaka barakoa ikatikisika.

"Kiarabu hiki umekiokota wapi, dada?"

"Njiani," Bibi akajibu. "Wenzangu walikuwa wameshachukua kizuri."

Wakawa marafiki hapo hapo. Nikamwachia Bibi mfuko, nikaenda kutafuta sufu.

Mwanangu, nataka nikueleze nilivyotafuta, kwa sababu wewe utanielewa. Nilikwenda hema hadi hema na kipande cha uzi wa Zuwena nimekishika kidoleni kama pete. Sufu hii nyeusi mno. Hii ina manjano ndani yake. Hii rangi yenyewe, lakini inakwaruza. Hii haikwaruzi, lakini imesokotwa mara nene mara nyembamba. Nilimrudia muuzaji mmoja mpaka akaniuliza kama namnunulia sultani. Jua likapanda. Nilikuwa na njaa na kichwa kinaniuma, na ndani yangu kulikuwa na ile sauti unayoijua, inayosema bado, bado, mbele kidogo utapata. Wazee walisema mchagua nazi hupata koroma. Mimi hata koroma sikupata. Nilirudi mikono mitupu, na ninaona aibu kukwambia, nilikuwa karibu kulia.

Nikamkuta Bibi amevaa sweta.

Aliivaa juu ya gauni, kifua kimeungwa kwa bandi, mkono wa kushoto umejaa, na mkono wa kulia hakuna, bega tu wazi na vitanzi vyangu vimening'inia pembeni kwenye uzi wa akiba. Kanga yake moja aliyojitandia haikuwapo begani. Bi Moza ndiye aliyekuwa ameiweka mapajani, malipo ya sufu yake. Na mbele yake Bi Moza, kile kijiti cha kusokotea kilikuwa kinazunguka. Kidonge changu chembamba, uzi wa mwisho wa Zuwena, kilikuwa kinapanda juu yake pamoja na sufu ya kondoo wa Mintirib, kimoja kinajizungusha kwenye kingine, kahawia na kijivu.

Nilipiga kelele. Watu waligeuka.

"Bibi! Umefanya nini?"

"Nimeongeza uzi. Ulikuwa hautoshi."

"Rangi si moja! Na ule mwembamba, huu mnene... Bibi, haitengani tena hiyo!"

"Ndiyo," alisema Bibi. "Bi Moza kaniambia haitengani."

"Vua basi. Vua kwanza, kifuani kuna kosa, nakuonyesha."

"Sivui."

Khamis alikuwa amefika na vikombe vya kahawa. Akatutazama, akaweka kahawa chini, na kwa mara ya kwanza siku ile hakusema kitu.

Bibi akanishika kidole akanivuta mpaka nikapiga magoti kwenye mkeka. Alisema kwa Kiswahili, taratibu, na sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa imechoka. Nadhani ndiyo maana iliniingia.

"Hamedi. Hii unamfumia nani?"

"Wewe, Bibi."

"Hapana. Mimi nilikuwa na sweta. Niliivaa kila siku. Mimi sikukuomba nzuri zaidi. Unafuma ili mtu asije akasema umekosea. Na mtu huyo hayupo, baba. Nimemtafuta nyumba nzima, hayupo. Nipo mimi, na nasikia baridi. Kesho napelekwa mlimani."

Bi Moza, ambaye hakuelewa neno hata moja, aliacha kusokota akanitazama, kisha akanipa uzi.

"Keti," Bibi alisema. "Fuma hapa hapa begani. Mimi sivui."

Nikaketi. Nilichukua vile vitanzi vya begani nikaviingiza kwenye sindano moja, nikafunga uzi mpya, nikaanza kufuma mkono kuteremka chini, na mvaaji yumo ndani. Sijawahi kuona mtu anafuma hivyo na sidhani nitaona tena. Kila Bibi alipoinua kikombe, sindano ziliinuka naye. Alipogeuka kumjibu Bi Moza, mimi niligeuka. Alitaka kwenda kumwangalia kondoo aliyepewa utepe wa ushindi, na mimi nikamfuata nimefungwa begani pake kama ndama, nafuma huku natembea, watu wanatupisha njia.

"Ya waladi, kijana wee, unamkamua?" mzee mmoja aliuliza.

Khamis alipona ububu wake. "Msimcheke," aliwaambia watu kwa Kiarabu, "huyu anamshona bibi yake asitoroke!"

Walicheka uwanja mzima, mwanangu, na ule mkono wa kulia ukaendelea kuteremka.

Karibu na kiwiko nilikosea. Kitanzi kiliniponyoka, nikafuma safu nzima kabla sijakiona. Vidole vyangu vikafanya vinachokijua: nikatoa sindano nikavuta uzi. Haukuja. Sufu ile mbichi ina mafuta ya kondoo na manyoya yanayoshikana. Safu zilikuwa zimeumana tayari. Nikavuta kwa nguvu, nyuzi zikavutana na bega la Bibi.

"Unaniumiza," alisema.

Nikaacha. Nikakichukua kile kitanzi nikakiunga kilipofika, kovu dogo likabaki. Nikaendelea. Nilijiona, nakwambia kweli, kama mtu aliyeacha mlango wa nyumba wazi akaondoka. Lakini niliendelea, na safu iliyofuata ilishika, na iliyofuata hiyo pia.

Tulirudi Ibra bado nimefungwa kwake. "Endesha polepole," Bibi alimwambia Khamis, "nimefungwa kamba na mjukuu." Kuanzia hapo alivuta tasbihi, mkono wa kulia umekunjwa kifuani. Mimi nilifuma mpaka macho yakaniuma. Nilipofika kwenye kifundo cha mkono nikapima vizuri, na safari hii kipimo kilikuwa mkono wenyewe, uko mbele yangu, hauwezi kudanganya. Nikafunga ukingo. Nikashona ubavu wa mkono. Nikakata uzi kwa meno.

"Nyoosha, Bibi. Tuone."

Bibi alinyoosha mkono.

Ulikuwa mrefu. Muda wote nilipima mkono uliokunjwa kwa ajili ya tasbihi, na mkono uliokunjwa unakula sweta zaidi; uliponyooka, ukingo ulifika mpaka kwenye vidole. Kiasi cha vidole viwili hivi.

Nilitazama. Nilikuwa tayari nashika ncha ya uzi, na Bibi akaiona mikono yangu.

"Khalas," alisema. "Zuwena alikosea wa kushoto. Wewe umekosea wa kulia. Basi."

Kisha akatafuta kwenye mkoba. Khamis alikuwa ameokota kitambaa kimoja chini ya kiti cha pikapu, chafu kidogo, na kumbe ndicho. Bibi akakunja ile sehemu ndefu ya mkono wa kulia, akakitia kitambaa ndani, akapapasa juu yake mara moja, kama mtu anayefunga mlango wake mwenyewe. Akaegemea kiti akalala.

Mimi sikulala njia nzima. Nilikuwa natazama ule mkunjo.

Kesho yake baada ya sala akapanda Misfa nayo mwilini, kifua na bandi zake, na vile vitanzi viwili vilivyopishana vikiwa pale pale.

Sasa sikiliza, mwanangu, nikuambie wazi, maana nasaha iliyofichwa ni kama dawa iliyobaki chupani. Kitu unachomfanyia mtu kina saa yake. Ukikifanya kizuri baada ya saa hiyo umekifanya kwa ajili yako mwenyewe. Kizuri hakikosi ila, walisema wazee, na mimi naongeza: ila hiyo huenda ndiyo mahali mtu anapoweka kitambaa chake. Hujui. Kwa hiyo usiwe mwepesi wa kushika mkasi, wala kwa kazi yako, wala kwa ya mwenzako. Ukikosea safu, iangalie, ujifunze, kisha fuma inayofuata. Usifikiri nakwambia ufanye ovyo. Mkono mbaya si fadhila. Nakwambia umalize. Insha yako iandike mara moja zaidi, na sentensi iliyopinda uiache imepinda, umpelekee mwalimu wako hata kama siku imepita. Akikupunguzia alama, atakuwa amepunguza kitu kilichopo.

Mungu akupe mikono yenye ustadi, na moyo unaojua saa ya kuitua. Akupe watu wa kukufanya uketi mkekani ukiwa huna akili ya kuketi. Asikupe kitu kizuri ambacho hakimfikii mtu. Akulaze usingizi, mwanangu, wewe na mimi, hata nyumba ikiwa na kitu kilichopinda ndani yake.

Bibi bado anaivaa. Mwezi uliopita nilikwenda Misfa nikakuta kiwiko kimetoboka, nikakitia kiraka cha uzi wa buluu kwa sababu ndio nilikuwa nao mfukoni. Mimi bado nina wasiwasi. Bado naona kila kitanzi kilicholegea, na bado kinanikera. Lakini kila majira ya baridi namaliza sweta moja, na inavaliwa mwaka ule ule. Sifumui tena.